Kupanga mtaa wenu kuanzia mdomo wa mtaro

Mkutano wa mtaa ukiitishwa kuzungumzia mpango wa maendeleo, orodha huja haraka: lami, taa, zahanati, uwanja wa watoto. Maji ya mvua hutajwa mwishoni, yakitajwa. Mwongozo huu unaugeuza mpangilio huo. Katika mitaa ya Dar es Salaam iliyobanana kama ya Tandale, Manzese, Mburahati, Vingunguti, Buguruni au Keko, maji ndiyo yanayoamua njia ipite wapi, choo kichimbwe wapi na ukuta gani utasimama. Ukianza na lami, maji yataichimbua hiyo lami masika ya pili.

Hatua zinazofuata zinafaa eneo la nyumba 100 hadi 300. Likizidi hapo ligawanyeni, na mgawanyo ufuate maji yanakoelekea. Msifuate mipaka ya vyama wala ya misikiti na makanisa.

Kwanza jueni mlango wa kubisha

Serikali ya Mtaa inaweza kuitisha watu, kuandika muhtasari na kusimamia kazi za kujitolea. Mamlaka ya upangaji haina. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007, mamlaka hiyo ni halmashauri: Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Barabara za mitaani na mitaro yake ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini ulioanza kazi 2017. Barabara kuu kama Morogoro au Nyerere ni za TANROADS. Majisafi na majitaka ni DAWASA. Nguzo za umeme ni TANESCO. Mkiwa kandokando ya mto, mna pia Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na NEMC, baraza la taifa la mazingira, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe.

Andikeni majina ya ofisi hizi kwenye ukurasa mmoja, na mbele ya kila moja kile hasa mtakachoiomba. Barua inayoiomba TARURA ifukie shimo la choo itazunguka miezi bila jibu.

Timu ya kazi

Watu 9 hadi 12 wanatosha. Kila upande wa mtaa utoe mtu, na lazima wawemo mpangaji wa chumba, mama lishe au mwenye genge, mzoa taka wa guta, mtu mwenye ulemavu, na fundi ujenzi mmoja anayejua levo. Mtendaji wa mtaa ashiriki kama katibu. Mwenyekiti wa mtaa asiwe mwenyekiti wa timu hii pia, la sivyo uchaguzi ukipita kazi nayo inapita.

Kundi linalosahaulika kila mara ni wapangaji. Mwenye nyumba huenda anaishi Goba au Mbezi na haingiliwi na maji. Anayelala juu ya meza usiku wa mvua ni mpangaji. Mkutano ukiitishwa kwa kualika "wenye nyumba", mtapata saini bila taarifa. Iteni mkutano Jumapili saa kumi alasiri, halafu fanyeni kikao kingine kifupi cha wanawake peke yao karibu na gati la maji, yaani kituo cha kuchotea maji. Mambo ya vyoo na ya kupita gizani husemwa huko, mbele ya hadhara hayasemwi.

Ramani: tembeeni, pimeni, andikeni

Hamhitaji kuanza na karatasi tupu. Tangu 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi kuchora kata nyingi za jiji ndani ya OpenStreetMap, ambayo yeyote anaweza kuifungua na kuichapa bure. Chapeni eneo lenu kwa kipimo cha 1:500: sentimita 1 kwenye karatasi ni mita 5 ardhini, na eneo la mita 200 linakuwa sentimita 40. Ramani ya 1:2,500 inapendeza ukutani, ila kichochoro cha mita 1 hakionekani ndani yake.

Tembeeni wawiliwawili na futi ya mita 5, kalamu za rangi na simu ya kupiga picha. Wekeni alama hizi:

- upana wa kila kichochoro pale kinapobana zaidi, wala si katikati yake;
- mitaro, makalvati na chemba, na kina cha mchanga ndani yake;
- vyoo vya shimo, na umbali wake kutoka sehemu ya mwisho gari la majitaka linapofika;
- magati ya maji, nguzo, miti mikubwa, vituo vya taka halali na visivyo halali;
- mshale wa maji: yanatoka wapi, yanaingia nyumba gani, yanatokea wapi;
- alama ya mafuriko.

Hiyo ya mwisho ina thamani kuliko zote. Waulizeni majirani watatu tofauti maji yalifika wapi ukutani, pimeni kutoka ardhini nje na si kutoka sakafuni, maana watu huinua sakafu kila baada ya mvua mbaya. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyofanya baadhi ya wakazi wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, ni kipimo kizuri kwa sababu wenyeji wengi wanakumbuka walikuwa wapi. Wawili wakikubaliana ndani ya sentimita 10, andikeni. Wasipokubaliana, mtafuteni wa nne.

Mambo mawili huharibu zoezi hili. La kwanza ni rangi nyekundu. Jijini alama ya X ukutani maana yake ni bomoabomoa, na kijana mmoja mwenye kopo la rangi anaweza kuufunga mtaa mzima midomo kwa wiki nzima. Tumieni chaki nyeupe au namba za anwani za makazi zilizokwisha kubandikwa, na msiulize thamani ya nyumba. La pili ni kuiamini simu kupita kiasi. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na katikati ya mabati na kuta zilizobanana hukosea zaidi. Inafaa kuonyesha gati liko wapi. Haifai hata kidogo kusema mpaka wa jirani uko wapi.

Kupima mteremko kwa mpira wa maji

Macho hudanganya. Njia inayoonekana kushuka inaweza kuwa inapanda sentimita 8 katikati, na hapo ndipo dimbwi hukaa miezi mitatu.

Nunueni mpira mweupe unaopitisha mwanga, mita 15, na mbao mbili za mita 2 zilizochorwa sentimita. Jazeni maji polepole hadi mapovu yote yatoke. Mmoja asimamishe ubao wake kwenye mdomo wa mtaro, yaani mahali maji yanapomwagikia mtoni au kwenye mtaro mkubwa, mwingine apande mita 15 juu. Maji yakitulia kila mtu asome kimo cha maji kwenye ubao wake. Wa chini akisoma sentimita 132 na wa juu 120, ardhi imepanda sentimita 12 ndani ya mita 15, yaani 1 kwa 125. Wa chini asogee hadi alipo mwenzake, na mwenzake apande tena. Mkifika juu, rudini kwa njia hiyohiyo hadi mlipoanzia: mkikuta tofauti ya zaidi ya sentimita 2 kwa kila mita 100, rudieni. Kosa la kawaida ni povu lililobaki ndani ya mpira, likifuatiwa na mtu aliyesahau kuondoa dole gumba alilozibia mpira.

Kuanzia chini kuna sababu. Mdomo ndio sehemu pekee ambayo hamwezi kuihamisha. Tuseme mtaro wa mita 120 unahitaji mteremko wa 1 kwa 200: jumla ni sentimita 60. Ardhi ikiwa tambarare, sakafu ya mtaro huko chini itakuwa sentimita 60 chini zaidi ya ilivyo juu, na pengine chini ya maji ya mto uliojaa. Hapo mtaro hugeuka mlango wa mto kuingia mtaani. Kwa mitaa iliyo karibu na Mto Msimbazi unapoingia baharini, ongezeni hesabu ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida: mvua kubwa ikikutana na maji makuu, mto hautoki. Chungulieni mdomo wenu siku ya bamvua kabla hamjachora chochote.

Ukubwa wa mtaro

Hesabu hii ifanyeni wenyewe kwanza, kisha mhandisi wa halmashauri au TARURA aihakiki. Chukueni hekta 1 ya nyumba za bati na vichochoro vigumu, na mvua ya milimita 60 kwa saa. Hiyo ni meta za ujazo 600. Kama asilimia 70 inatiririka badala ya kuzama, ni meta za ujazo 420 kwa saa, au lita 117 kila sekunde.

Mtaro wa zege laini wenye upana wa sentimita 40 na kina cha 40, kwa mteremko wa 1 kwa 200, hubeba karibu lita 197 kwa sekunde. Unatosha na ziada. Ujaze mchanga na chupa hadi nusu ya kina: sasa unabeba karibu lita 81. Hautoshi tena. Mtaro uleule, mvua ileile. Mitaa mingi inayoomba "mtaro mkubwa zaidi" ina mtaro unaotosha ambao haujasafishwa, na mkubwa zaidi nao utajaa, kwa gharama kubwa zaidi.

Ndiyo maana kifuniko ni suala la kupanga, lisiachwe kwa fundi aamue siku ya kumwaga zege. Kifuniko cha urefu wa mita 1, upana wa sentimita 60 na unene wa 10 kina uzito wa kama kilo 144. Kikishalazwa hakuna atakayekiinua. Kipunguzeni kiwe sentimita 60 kwa 50, unene 7: kilo 50, watu wawili wanakinyanyua. Wekeni nondo za milimita 8 upande wa chini, na vishikio viwili vya nondo vilivyozamishwa ili visimkwaze mpita njia. Kwa zege la moja kwa mbili kwa nne, mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto (ndoo ya lita 20), maji lita 25 hivi, na hutoa mifuniko 7. Fundi akiongeza maji ili zege lilainike, mifuniko itapasuka kabla ya mwaka. Mwagilieni siku 7. Vifuniko hivi ni vya waenda kwa miguu. Palipo na bajaji au gari, mhandisi apange unene na nondo.

Kila mita 20 au 25 jengeni kisima cha mchanga: mtaro ushuke ghafla sentimita 30 kwa urefu wa mita moja, mchanga utue humo na uchotwe kwa karai. Udongo wa Dar una mchanga mwingi, na bila kisima utatua popote unapotaka wenyewe. Nondo za kuzuia taka ziwekwe mahali panapofikika, zikiinama kufuata maji. Zikisimama wima, mfuko mmoja wa plastiki unaziba kila kitu.

Halafu kuna kutapisha. Mvua ikianza, baadhi ya nyumba hufungulia choo kitiririke na maji ya mafuriko, kwa sababu gari la majitaka halifiki au ni ghali. Mtaro mpya hurahisisha jambo hilo, na mtaa wa chini yenu ndio utakaoupokea uchafu. Faini peke yake haijawahi kutosha. Kwenye ramani zungusheni duara kila nyumba ambayo mpira wa gari la majitaka haufiki, kisha pangeni mojawapo: njia ya gari dogo, pampu ya mkono na mapipa ya kusombwa kwa guta, au choo cha pamoja chenye shimo linalofikika. Tafuteni bei ya kundi. Nyumba kumi zikinyonywa siku moja, mwenye gari ana sababu ya kupunguza.

Kabla ya kuendelea, kaeni na viongozi wa mtaa unaopokea maji yenu, muandikiane. Mtaro unaoishia kwenye ua wa mtu wa kata nyingine utazibwa kwa viroba vya mchanga usiku wa kwanza wa mvua, na mzibaji atakuwa na haki.

Njia

Bajaji ina upana wa mita 1.3 hivi, gari la wagonjwa karibu mita 2, gari la zimamoto karibu mita 2.5. Amueni kila njia ni ya nani. Kulazimisha kila kichochoro kiwe mita 6 ni kuubomoa mtaa. Linalowezekana ni njia moja au mbili za gari la dharura, zenye angalau mita 3.5 zilizo wazi, na vichochoro vya guta na kiti cha magurudumu vyenye mita 1.5, ili nyumba ya ndani kabisa isiwe mbali mno na njia kubwa. Kinachokwamisha mara nyingi ni kona: ngazi ya duka, tangi la maji au pembe ya ukuta iliyotokeza nusu mita. Kata pembe, ukiacha ukuta ulionyooka salama.

Ardhi inayotolewa kwa hiari iandikwe kuwa ya hiari, kwa vipimo na mchoro. Asaini mwenye nyumba pamoja na mwenza wake ikiwa ni nyumba ya ndoa. Kwa nyumba ya urithi, wasaini warithi wote au msimamizi wa mirathi. Saini ya kaka mkubwa peke yake ndiyo chanzo cha kesi nyingi za ardhi. Ardhi inayotwaliwa na mamlaka ni jambo jingine lenye uthamini na fidia yake, na timu yenu isiahidi wala kukana fidia kwa niaba ya mtu. Mpangaji ambaye chumba chake kinakatwa anahitaji muda na kodi yake ya mbele irudishwe. Liwekeni kwenye fomu hiyohiyo.

Kuhusu maeneo ya wazi, msitafute uwanja ambao haupo. Tafuteni vipande vya mita za mraba 40 au 50: mbele ya msikiti, pembeni mwa ofisi ya mtaa, juu ya bomba kubwa ambapo hapajengwi. Mwembe, mwarobaini au mkungu upandwe angalau mita 3 kutoka mtaroni, mizizi isiinue kuta. Kingo za udongo zifunikwe kwa nyasi za vetiva.

Kuvuna maji ya paa kunasaidia, ila msikuze: bati la mita za mraba 60 kwa mvua ya milimita 50 hutoa lita 3,000. Tangi la lita 1,000 linajaa mapema na maji yanayobaki yanahitaji mtaro uleule.

Kuupeleka mpango juu

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na halmashauri hukusanya vipaumbele miezi mingi kabla. Mpango wenu uwe umepita mkutano mkuu wa mtaa kufikia Oktoba, kisha uende Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti. Mkiuleta Machi mtaambiwa msubiri mwaka mwingine, na mtakuwa mmeambiwa ukweli. Utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo ndio mlango rasmi wa miradi iliyoibuliwa na wananchi. Tumieni jina hilo kwenye barua.

Gawanyeni kazi katika mafungu matatu: tunayofanya wenyewe, tunayofanya na halmashauri, na ya taasisi nyingine. Fungu la kwanza lisipokuwa na kitu, mpango hugeuka maombi. Ambatanisheni ramani, vipimo vya mteremko, mihtasari yenye mahudhurio, ridhaa za ardhi, makubaliano na mtaa wa chini, na thamani ya nguvu kazi yenu. Miaka ya 1990 wakazi wa Hananasif, Kinondoni, walijenga mitaro na barabara zao kwa nguvu kazi ya kulipwa, wakisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani, na mfano huo unaeleweka hadi leo kwa maofisa wa mipango miji.

Ikiwa mnataka pia urasimishaji, fuateni mpangilio: mchoro wa mipango miji uandaliwe na mtaalamu aliyesajiliwa na uidhinishwe, ndipo upimaji na bikoni (alama za mipaka), ndipo hati. Mnaolipa upimaji kabla ya mchoro kuidhinishwa mnaweka bikoni katikati ya njia ambayo bado haijaamuliwa. Michango ipite benki au kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa kikundi, kila mtu apewe stakabadhi, na salio lisomwe mkutanoni kila mwezi. Fedha taslimu kwenye daftari la mtu mmoja imezika mipango mingi kuliko mafuriko.

Matunzo

Gharama ya kusafisha iingie kwenye mpango tangu mwanzo. Nyumba 60 zikitoa shilingi 2,000 kwa mwezi ni shilingi 120,000. Je, zinatosha vijana wawili na guta kwa siku mbili za kila mwezi? Kama hazitoshi, punguzeni urefu wa mtaro kabla hamjajenga. Mchanga uliochotwa uondoke siku hiyohiyo. Ukiachwa kando, mvua ya jioni huurudisha.

Usafi mkubwa ufanyike Februari kabla ya masika na Septemba kabla ya vuli. Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, timu itembee eneo lote ndani ya saa moja baada ya kukatika, ipime maji yalipofika kwenye kuta zilezile za ramani, na iandike tarehe. Mahali ambapo maji yamepanda kuliko alama ya zamani, fungueni vifuniko vitatu vya chini yake kwanza.